Kamba ya Mutoyi, Mlango wa Buyenzi



Ndugu zangu, nilirudi kutoka likizo kubwa nikiwa na swali ambalo sikwenda nalo. Nimelizungusha kichwani kwa miezi kadhaa, nimemuuliza ustadhi wetu wa darsa, nimebishana na wenzangu chumbani mpaka jirani akagonga ukuta, na bado sijalimaliza. Ni swali kuhusu paka. Najua wapo watakaofunua ukurasa huu haraka wakisema: umma una mambo mazito, huyu anatuandikia habari za paka! Naomba wavumilie. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka mmoja, na Mtume (S.A.W.) hakuona kwamba jambo hilo ni dogo mno kusimuliwa kwa masahaba.

Paka wetu tulimwita Bi Daku. Hatukumnunua wala hatukumwomba kwa mtu. Aliingia mwenyewe katika siku za mwisho za Shaabani, mvua ya jioni ikinyesha Buyenzi, akapita katikati ya miguu yetu kama vile yeye ndiye anayelipa kodi ya chumba, akapanda juu ya begi la mwenzetu mmoja akalala. Alikuwa mdogo kiasi cha kutosha ndani ya kofia. Tulikuwa wanafunzi watatu katika chumba kimoja, na hakuna hata mmoja aliyesema "tumfuge." Mmoja alimtupia kichwa cha ndagala, basi, mambo yakawa yamekwisha amuliwa.

Jina alilipata Ramadhani ilipoingia. Baada ya siku nne au tano alikuwa amekwisha jua saa ya daku kuliko simu zetu. Saa tisa usiku anapanda kifuani kwa yule mwenye usingizi mwepesi, anamgusa kidevu kwa mguu mmoja, anangoja, anamgusa tena. Tukashukuru sana. Ila hakuna aliyemwambia kwamba mwezi umeandama. Shawwali yote alituamsha saa tisa, na sisi wenye mitihani tukawa tunaamka kumpa ndagala watatu ili atuache tulale. Mwenzetu mmoja alisema kwamba paka huyu ametutangulia katika sunna ya sita.

Vituko vyake vilikuwa vingi. Alikuwa na nafasi zote za chumba kuchagua, lakini alikaa juu ya ukurasa ule ule unaousoma. Ukimtandikia kitambaa analala juu ya katoni; ukimletea katoni anarudi kwenye kitambaa. Alikuwa anakodolea macho kikombe cha chai ya maziwa kwa heshima kubwa, akinusa, kisha anaondoka bila kugusa sukari yote ile tuliyoitia, na baadaye nilisoma kwamba paka hawana uwezo wa kuonja utamu. Mende alikuwa anawaua na kuwapanga kando ya viatu vyetu kama mtu anayelipa deni. Na katika swala alikuwa na tabia moja ambayo nadhani kila mwenye paka anaijua: anangoja tusimame, tusome, turukuu, kisha tunaposhuka kusujudu tunamkuta amekwisha kaa pale pale penye kipaji cha uso.

Muhula ule mwenzetu mmoja alifiwa na baba. Alirudi kutoka mazishini Muyinga akawa hasemi. Sisi wawili tulisema maneno yote ambayo watu husema, kisha tukaishiwa. Bi Daku hakuwa na neno la kusema. Alilala juu ya miguu yake kwa usiku saba au nane mfululizo, na jamaa yule aliniambia baadaye kwamba uzito ule mdogo miguuni ndio uliomfanya asiogope kuamka usiku. Nalitaja hili mapema kwa sababu bila hili swali langu halina uzito. Tulipata kitu kutoka kwa paka yule. Hatukuwa watoaji tu.

Tulikuwa na mijadala ya fiqhi pia, kama kawaida ya chumba cha wanafunzi wa Kiislamu. Manyoya kwenye kanzu, je? Katika madhehebu yetu ya Shafi, unyoya uliodondoka kutoka kwa mnyama hai asiyeliwa unahesabiwa kuwa najisi, lakini ule mchache umesamehewa. Wahanafi na Wamaliki wanauona twahara tangu mwanzo. Mkojo wake ni najisi bila mjadala, na hilo tulijifunza kwa godoro. Maji aliyokunywa, je? Hapo ndipo inapokuja ile habari nzuri ya Abu Qatada (r.a.), iliyopokewa na Imam Malik, Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo. Mkwe wake, Kabsha binti Ka'b bin Malik, alimwekea maji ya udhu. Akaja paka, na mzee yule akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa akashiba. Alipomwona Kabsha anatazama kwa mshangao, akamweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wale wanaotuzungukia.

Wengi wetu tunaichukua Hadithi hii kwa ajili ya hukumu ya maji tu na kuendelea mbele. Ustadhi wetu alitusimamisha kwenye neno hilo la kuzunguka. Alitufungulia Suratun-Nur, aya ya 58, ambapo Allah (S.W.) anaweka adabu ya kubisha hodi katika nyakati tatu za faragha, kisha anasema hakuna ubaya katika nyakati nyingine, kwa kuwa mnazungukiana ninyi kwa ninyi. Walioruhusiwa humo ni watumishi wa nyumbani na watoto ambao hawajabaleghe. Mzizi wa neno ni ule ule. Kwa hiyo Mtume (S.A.W.) aliposema hivyo juu ya paka, alimtia katika kundi la wale ambao mlango hauwezi kufungwa mbele yao kila saa, yaani watu wa ndani. Nilifurahi sana siku ile. Nilirudi chumbani nikamweleza Bi Daku cheo chake. Akapiga miayo.

Sikufikiri wakati ule kwamba cheo kina madai yake.

Likizo kubwa ilipofika kila mtu alikwenda kwao. Tulikunja magodoro, tukazima umeme, tukamwaga chini ndagala wote waliobaki, tukafunga mlango kwa kufuli. Bi Daku alikuwa barazani, anajilamba. Mimi ndiye niliyegeuza ufunguo. Nilimwambia, "Haya, tutaonana." Nakumbuka nilijisikia mwepesi kabisa.

Baada ya siku chache nyumbani Gitega nilipanda kwenda Mutoyi, komini ya Bugendana, kumsalimia baba mdogo. Wanaopafahamu wanajua kwamba Mutoyi ni mahali pa misheni ya Wakatoliki na hospitali yao. Sisi Waislamu huko tunahesabika kwa vidole. Baba mdogo ananunua maharagwe na mahindi kwa wakulima wa milimani na kuyaweka stoo mpaka bei ipande. Jioni ya kwanza, baada ya chakula, niliwaonyesha picha za Bi Daku kwenye simu. Bi Daku juu ya msala, Bi Daku ndani ya kofia, Bi Daku amelalia kitabu cha takwimu. Walicheka mpaka shangazi akapaliwa.

Asubuhi nikaenda stoo. Kati ya magunia kulikuwa na paka wa kijivu, amefungwa shingoni kwa kamba ya katani, na ncha ya pili imefungwa kwenye mguu wa benchi. Kamba ilikuwa ya kama hatua nne, inafika kwenye magunia, inafika kwenye bakuli, haifiki mlangoni. Baba mdogo alieleza bila wasiwasi wowote: wa kwanza alitoroka, wa pili alikwenda jikoni kwa watu na hakurudi, huyu wa tatu alimpata kwa kubadilishana na kuku, na panya hawangojei. Nilianza na lile la kuku, kwa sababu nilitaka kuonyesha nimesoma: nikamtajia Hadithi ya Jabir (r.a.) katika Sahihi Muslim inayokataza thamani ya paka. Nikaongeza, kwa uadilifu, kwamba wanazuoni wengi wameruhusu kumuuza kwa sababu ana manufaa. Kisha nikafika nilipokuwa nakwenda. Nikamsimulia yule mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa, na nikasema sauti yangu ikiwa juu kidogo kuliko inavyostahili mbele ya mzee.

Baba mdogo alikuwa anapima maharagwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamaliza kupima, akafunga gunia. Akasema, "Umesoma vizuri, mwanangu. Sasa niambie. Huyu wangu jana usiku alikula ndagala, na maziwa alipata. Yule wako wa kwenye simu, jana alikula nini?"

Nikamjibu kwamba wangu yuko huru.

"Huru wapi?"

"Mtaani, baba."

"Na nani alimfundisha mtaa?"

Sikupata jibu. Akaniomba nimshikie mdomo wa gunia lingine.

Ndugu zangu, tuirudie ile Hadithi. Kosa la yule mwanamke limetajwa kwa vipande viwili: hakumlisha alipokuwa amemfungia, na hakumwachia akajilie wadudu wa ardhini. Maana yake alikuwa na njia mbili za kusalimika, na yeyote kati yetu angeweza kuishika mojawapo. Mfunge umlishe, au usimlishe umwachie. Wanazuoni hawakusema kufungia mnyama ni haramu kwa asili yake. Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (r.a.), alikuwa na kidege cha kuchezea, na Mtume (S.A.W.) alimtania mtoto yule kwa kumuuliza habari za kidege chake, humo wamechukua ruhusa ya kufuga ndege tunduni maadamu anapewa haki yake. Kwa kipimo hiki kamba ya Mutoyi, hata kama macho yangu yanaichukia, ilikuwa imesalimika. Na mimi nilikuwa nimesimama wapi? Nilidhani nimeshika njia ya pili. Sikumfungia, nilimwachia.

Lakini je, nilimwachia kweli? Kiumbe unamwachia akiwa bado anaweza kwenda. Bi Daku aliingia kwetu mdogo, na muda ambao paka wengine hufundishwa kuwinda yeye alifundishwa saa zetu. Mende aliwaweza, sikumwona hata siku moja akileta panya. Wanaochunguza tabia za wanyama wanasema paka wakubwa ni nadra kuliliana nyau wao kwa wao. Sauti ile ni ya mtoto kwa mama yake, na paka wa nyumbani hubaki nayo ukubwani kwa sababu binadamu ndiye anayeitikia. Tulimlea akijua lugha ambayo inasikilizwa na watu watatu, kisha wote watatu tukapanda magari. Tena tulipokuwa hatuna pesa za ndagala tulimlisha wali mtupu na ugali, tukijiona wakarimu, wakati mwili wa paka unahitaji nyama au samaki. Asipopata kwa muda mrefu anaharibika macho na moyo. Hilo nalo sikulijua. Nilijua hukumu ya mate yake, sikujua chakula chake.

Hapa mwenzangu mmoja, mwanafunzi wa sheria, alinipinga vikali, na pingamizi lake si la kudharau. Ukisema kumlisha mnyama kunazaa deni, alisema, basi hakuna atakayetupa hata mfupa. Yule aliyemkuta mbwa anakufa kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake akamnywesha, Allah alimsamehe dhambi zake. Hatukuambiwa kwamba alimpeleka mbwa nyumbani. Alimnywesha akaenda zake. Kwa nini wewe ujitwishe zaidi?

Nililala na pingamizi hilo siku nyingi. Nilipofika ni hapa, na anayeona nimekosea aniandikie. Yule mbwa alipewa maji ili aendelee na maisha yake mwenyewe, yale aliyokuwa nayo kabla ya kukutana na mtu. Tendo lilianza na kuisha pale kisimani, na mtu yule hakuchukua chochote kutoka kwa mbwa. Sisi tulichukua. Miezi na miezi tulichukua kicheko, na joto miguuni kwa aliyefiwa, na picha za kuwaonyesha watu wa nyumbani. Sidhani deni lilitokana na vile vichwa vya ndagala. Lilitokana na furaha tuliyoizoea mpaka yeye akazoea kuitoa, na kuacha mengine aliyotakiwa kujifunza. Sadaka ya njiani naweza kuitoa na kuisahau. Lakini mtu akisema "paka wangu" mbele ya wageni, akacheka, akapendwa kwa ajili yake, halafu kwenye likizo akasema "ah, yule ni paka wa mtaani tu," basi ametumia majina mawili kwa kiumbe mmoja, kila jina kwa faida yake.

Nadhani ndiyo sababu tunapenda sana ile hadithi ya Muezza, paka ambaye eti Mtume (S.A.W.) alikata kipande cha nguo ili asimwamshe. Tunaisambaza kila mwaka kwenye simu. Haipatikani katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa. Tuliyonayo kwa hakika ni ya Abu Hurayra (r.a.), ambaye Tirmidhi amepokea kutoka kwake mwenyewe namna alivyopata jina lake: alikuwa anachunga mbuzi na kondoo wa watu wake, ana kipaka kidogo, usiku anakiweka juu ya mti, mchana anakwenda nacho na kucheza nacho. Tazameni huo mti. Kabla ya habari ya kucheza, imetajwa habari ya mahali pa kulala.

Bila shaka jambo hili ni la kale kuliko sisi. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, na inaonekana aliwasogelea watu walipoanza kulima na kuweka nafaka, kwa sababu palipo na nafaka pana panya. Kisiwani Cyprus wachimbuaji walikuta kaburi la zaidi ya miaka 9,000 ambamo mtu amezikwa na paka kando yake. Stoo ya baba mdogo ndiyo mkataba wenyewe wa awali: mimi maharagwe, wewe panya. Sisi wa chumba cha kupanga hatukuwa na gunia hata moja. Tulitaka upande wa furaha tu wa mkataba ule.

Na Waislamu waliotutangulia walilifikiria hata lile la kutokuwepo. Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1836 kwamba Sultan Baybars, aliyetawala Misri katika karne ya 13, aliacha wakfu wa bustani karibu na msikiti wake, kaskazini ya mji, kwa ajili ya paka wa Cairo. Bustani iliuzwa mara nyingi, mapato yakabaki ya jina tu. Hata hivyo Lane alikuta kwamba kila siku alasiri paka hukusanyika katika uwanja wa mahakama ya kadhi mkuu, na huletewa mabaki ya nyama, kwa kuwa kadhi ndiye mwangalizi wa wakfu. Aliyeweka wakfu amekufa karne nyingi, bustani haipo tena mikononi, na bado saa ya chakula inafika. Mimi nilishindwa kupanga miezi miwili.

Nilirudi Buyenzi kabla ya wenzangu. Mama anayeuza chapati mkabala na mlango wetu aliniambia kwamba paka alikaa kwenye kizingiti siku nyingi. Usiku anasimama analia kwenye ufa wa mlango. "Saa ile ile ya usiku wa manane," alisema, "nikajua anawaamsha." Alimtupia kipande cha chapati mara mbili, akanusa akaacha. Halafu hakumwona tena. Wiki iliyofuata nilimwona paka anayefanana naye karibu na wauza samaki, sikio moja limechanika. Nikaita. Aliinua kichwa akanitazama kidogo, akaendelea kula utumbo wa mukeke. Labda alikuwa yeye. Nimeapa mara mbili kwamba ni yeye na mara mbili kwamba siye.

Sasa kuna mwingine anapita barazani, mweupe mwenye mkia uliokatika. Wenzangu wanasema tumeanza tena. Nimewaambia asiingie mpaka tupatane, na tumepatana hivi: kila mmoja anatoa faranga kila mwezi kwenye kopo, na kopo lile haliguswi hata tukikosa sukari, likizo ikifika fedha pamoja na ndagala vinakwenda kwa mama wa chapati, ambaye amekubali na ametaka kiasi chake kwa kazi hiyo, tena ni haki yake. Mwanasheria wetu ameandika mkataba mzima kwa mzaha, akauita wakfu, na ametia saini ya Sultan Baybars. Mpaka leo kopo lina faranga za watu wawili.

Baba mdogo alipiga simu Jumapili iliyopita. Yule wa kijivu amezaa wanne nyuma ya magunia, na tangu azae haondoki, kwa hiyo kamba imehamia kwa mbuzi. Ananiuliza kama nataka mmoja. Amesema hataki kuku, ila nimwambie kwanza mwezi wa saba nitakuwa wapi. Bado sijampigia.